Digrii ya Kifaransa imenilisha, ila si kwa njia niliyoambiwa

Kwenye sherehe ya kunipongeza, mwaka 2014, baba mdogo alisimama mbele ya watu akaniuliza: "Sasa mwanangu, hicho Kifaransa utakila na mboga gani?" Ukumbi mzima ukacheka. Najibu leo, kwa sababu kila msimu wa udahili ndugu wananiletea watoto wanaochagua kozi, na wazazi wanarudia swali lile lile mbele yangu, ilhali kodi ya nyumba wanayonikuta ndani yake inalipwa na Kifaransa hicho hicho.

Waliosema lugha haina kazi hawakuniumiza sana. Walioniumiza ni wale walioniambia, "Nenda Arusha, kule wenye Kifaransa wanalipwa dola." Hao niliwaamini. Walikuwa wanakumbuka enzi za Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari, iliyoendesha mashauri kwa Kiingereza na Kifaransa. Nilipofika na bahasha yangu ya vyeti, mahakama ilikuwa inamalizia mashauri ya mwisho, na Desemba 2015 ikafungwa. Wakalimani waliobobea walikuwa wanatafuta kazi kama mimi. Nikakaa kwa shangazi wiki mbili, nikarudi Dar. Nikafundisha shule binafsi mwaka na nusu kwa laki tatu na ushee, na hiyo ikija kwa wakati ni bahati.

Kazi yangu ya kwanza ya tafsiri niliiharibu. Rafiki wa kaka yangu, wakala wa forodha pale Kurasini, alinipa kurasa tatu za mteja wake wa Lubumbashi. Nilifurahi mno, nikakesha. Mimi nilikuwa nimesoma riwaya na ushairi, nilikuwa naweza kukuandikia insha ndefu juu ya beti nne. Basi nikakuta *lettre de voiture*, nikaandika "barua ya gari". Nikakuta *connaissement*, nikaona inafanana na neno la maarifa, nikaandika "ufahamu". Halafu *marchandises en souffrance*. *Souffrance* ni mateso, hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza. Nikaandika "bidhaa zinazoteseka".

Yule wakala alisoma mpaka hapo, akaniwekea karatasi mezani. "Dada yangu, mzigo hauteseki. Mzigo umekwama. Na kila siku unapokwama mimi nalipa."

Hakunilipa, na alikuwa na haki. *Lettre de voiture* ni hati ya mzigo anayosafiri nayo dereva wa lori. *Connaissement* ni ile hati ya shehena ya meli ambayo bandarini wote wanaiita B/L, yaani bill of lading. Na mzigo ulio *en souffrance* ni ule uliokaa bila mwenyewe kuja kuukomboa. Miaka mitatu darasani na hakuna hata mmoja aliyewahi kututajia maneno haya, wakati bandari yenyewe iko kilomita chache kutoka tulipokuwa tumekaa.

Nikanunua kaunta buku, nikachora safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. Nikaanza kwenda kwenye yadi za malori Jumamosi na Jumapili. Wanakopaki madereva wa Kongo kuna kusubiri kwingi, na mtu anayesubiri ana muda wa kuongea. Wale wa Katanga, upande wa Lubumbashi, wanaongea Kiswahili, kina ladha yake lakini tunaelewana, ila makaratasi yao yote ni Kifaransa. Kwa hiyo nauliza kwa Kiswahili: "Papa, hii kwenu mnaiitaje?" Mzee mmoja alinipeleka hadi nyuma ya kontena, akashika ile sili ya chuma mlangoni. "Hii ni *plomb*." Kamusi yangu ilisema *plomb* ni madini ya risasi, basi. Akaniinamisha chini ya tela: *essieu*, ekseli, ndiyo inayopimwa pale mizani ya Vigwaza. Turubai ni *bâche*. Niliondoka na grisi kwenye sketi na maneno thelathini na moja.

Baada ya miezi minne hivi nilikuwa na maneno mia sita na kitu. Nikarudi kwa yule kaka wa Kurasini, nikamwomba anipe kurasa zile zile tatu nizirudie bure. Alizisoma zote. Hakusema kitu, akafungua droo akatoa bahasha nyingine.

Sisemi chuo kilikuwa bure, naomba nieleweke. Madereva walinipa majina ya vitu. Lakini kifungu cha mkataba chenye mistari kumi na moja bila nukta, chenye *sous réserve de*, yaani "kwa sharti la", mwanzoni na kitenzi kikuu mwishoni, hicho nakifungua kwa sababu ya sarufi niliyofundishwa darasani kwa ukali. Anayejua maneno tu huvunjikia hapo, na hapo ndipo kwenye pesa. Ukurasa wa kawaida nilianza na elfu kumi na tano. Mikataba ni zaidi ya mara mbili, na hawabishi. Mwezi wa tatu nilishapita mshahara wa ualimu. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, simu ziliongezeka hadi nikamchukua msaidizi.

Na Kireno! Mwenye Kifaransa amelipia nusu ya Kireno bila kujua. *Information* inakuwa *informação*, *situation* inakuwa *situação*, na hivyo hivyo maneno mamia. Mengine tunayo nyumbani tangu Wareno walipokaa pwani yetu: meza, bendera, kasha, leso. Mimi nilijifunza kwa mwaka mmoja wa jioni, sasa napokea karatasi za Msumbiji. Ila usilewe na mfanano: *subir* kwa Mfaransa ni kupatwa na jambo, kwa Mreno ni kupanda. Ukisoma ripoti kwamba bei *subiram*, hazijapatwa na lolote, zimepanda.

Ukiwa bado chuoni, fanya na mtihani wa DALF C1, ule wa Kifaransa cha ngazi ya juu unaotolewa na Wafaransa wenyewe. Wateja wa nje wanaujua kuliko cheti cha chuo chochote cha kwetu. Na usichukue kazi ya ukalimani wa papo kwa papo, yaani kutafsiri kwa mdomo huku msemaji akiendelea kusema, peke yako siku nzima, hata wakikubembeleza. Kwenye kibanda cha wakalimani mnakaa wawili, mnapokezana kila nusu saa. Nilikubali peke yangu mara moja tu, na kufika saa nane mchana nilikuwa nasikia Kifaransa na kurudisha Kifaransa.

Malipo: nusu kabla ya kuanza, iliyobaki kabla hujatuma faili la mwisho. Baba mdogo alipoleta barua ya mshirika wake wa Bujumbura mwaka jana, nilimwambia hivyo hivyo. Alilipa.