Maji yakiwa ya kijani, ng'ombe asinywe hapo

Joto likipanda na ziwa likitulia, huku kwetu Mwanza, mwambao wa Ziwa Victoria kuanzia Luchelele mpaka Igombe na Kayenze, unaona maji ya ukingoni yamegeuka kijani kizito kama mtu kamwaga rangi ya nyumba, na ng'ombe, mbuzi na mbwa wanaendelea kunywa palepale. Alafu mnyama akifa ghafla inaanza kutafutwa nani kamuwekea sumu, jirani anatajwa, mwenye ugomvi wa malisho anatajwa, na watu wanaachana kusalimiana kabisa. Mi hii kitu inaniumiza maana mara nyingine sumu iko kwenye maji yenyewe, na hakuna mtu aliyeiweka.

Ule ukijani tunauita mwani ila kiukweli ni bakteria, wanaitwa sianobakteria, wanajitengenezea chakula kwa jua kama mmea. Wale wanaoitwa Microcystis wana vipovu vya hewa ndani ya mwili vinavyowafanya waelee, ndo maana asubuhi maji yakiwa yametulia unawakuta wamepanda juu, na upepo ukianza unawasukuma na kuwarundika kwenye vighuba, yani palepale mifugo inaposhuka kunywa. Katikati ya ziwa wanaweza kuwa wachache tu, lakini ng'ombe hanywi katikati ya ziwa.

Sumu zao ziko za aina nyingi, nitaje mbili. Mikrosistini inaenda moja kwa moja kwenye ini, inaingia kwenye seli kwa njia ileile inayopitisha nyongo, seli zinabomoka na ini linajaa damu, mnyama anakuwa mnyonge, anaharisha, hali chakula, fizi zinapauka, na anaweza kufa ndani ya masaa machache au siku kadhaa. Akipona usidhani yamekwisha, ng'ombe mwenye mabaka meupe anaweza kuanza kubabuka ngozi juani, kwenye pua na kiwele, kwa sababu ini lililoharibika limeshindwa kusafisha mabaki ya majani aliyokula. Ya pili ni anatoksini, hii inashika neva, misuli inatetemeka, mate yanatoka, kisha pumzi inakata, na inaweza kuwa dakika chache tu tangu anywe. Dawa ya kuifuta hiyo sumu hakuna. Daktari wa mifugo akiwahi anaweza kumpa mkaa maalumu wa kunasa sumu tumboni, ila kuwahi kwenyewe ndo shida.

Na sio jambo la jana. Mwaka 1878 George Francis aliandika kwenye jarida la Nature kuhusu kondoo, farasi, nguruwe na mbwa waliokuwa wanakufa baada ya kunywa maji ya Ziwa Alexandrina kule Australia. Botswana mwaka 2020 walikufa tembo zaidi ya 300 upande wa Okavango, serikali yao ikasema ni sumu ya neva ya hawahawa sianobakteria. Tembo jamani! Na hapa kwetu watafiti walishapima Ghuba ya Mwanza, matokeo yakachapishwa mwaka 2005, mikrosistini ilikuwepo.

Chakula chao ni fosforasi na naitrojeni, na sisi ndo tunawalisha: maji ya vyoo, mbolea, udongo unaosombwa mashambani, na kila kinachotupwa Mto Mirongo unaokatiza mjini kwenda ziwani. Malambo ya huku ndani, Misungwi, Kwimba, Magu, nayo yamo, maji yamesimama, ng'ombe wanaingia na kujisaidia humohumo, jua kali, yani ni shamba lao kabisa.

Kitu ninachokisikia sana ni "chemsha tu". Kuchemsha kunaua bakteria lakini mikrosistini haivunjiki kwa moto wa jiko, tena zile seli zikipasuka zinaimwaga sumu yote kwenye sufuria, na maji yakipungua, sumu inabaki. Wengine wanamwaga mrututu (ile chumvi ya shaba ya bluu) kwenye lambo ili ukijani uishe, haraka kweli unaisha, ila sumu inatoka yote kwa mpigo na siku hizo ndo mbaya kuliko zote kunywesha.

Kwa hiyo wazee wangu na vijana mnaochunga, hamisheni mifugo muipeleke upande ule upepo unakotokea, au kisimani, na pale penye ukijani zibeni kwa miiba. Yale maganda yaliyokauka mchangani bado yana sumu, mbwa wanapenda kuyalamba. Mbwa akiwa ameogelea humo mwosheni kwa maji safi kabla hajajilamba manyoya. Samaki wa hapo toeni matumbo na maini yote na msiwatupie bata. Na nyama ya kibudu naomba msile, hata kama hasara inauma, na najua inauma.

Mnyama akifa, kabla hujamtaja mtu yeyote, chukua chupa uchote maji palepale alipokunywa, pamoja na ule utando wa juu, iweke kivulini pa baridi, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Upepo ukigeuka jioni ule ukijani unahama, kesho asubuhi maji yanakuwa meupe na hamtakuwa na cha kupima.