Betri ya nje ya detekta: hatimaye imenyamaza

Imenyamaza! Napunga koili ya detekta yangu ya metali hewani, usikivu umepanda hadi mwisho, na hakuna hata mlio mmoja wa uongo.

Mashine inakula betri 8 za AA, na nilitaka seli za lithiamu za 18650 zichukue nafasi yake. Mpango wa kwanza: seli mbili mfululizo, volti 7.4, halafu bodi ya kupandisha hadi 12. Kwenye multimita ilisoma 12.0, imetulia tuli. Kwenye hedifoni, balaa: krr-krr bila kukoma, namba za kutambua aina ya metali zinarukaruka ovyo.

Nilihangaika na bodi ile hadi nikaichukia. Kapasita kubwa kwenye waya wa kutokea, hola. Pete ya feraiti ya kuzima kelele za waya, afadhali kidogo. Nikaifungia ndani ya kopo la bati, hola tena, maana kelele nyingi zilipita kwenye waya wenyewe. Aliyemuumbua mchawi ni redio ndogo ya AM: ukiisogeza karibu inanguruma, na ngurumo inabadilika mzigo ukipungua. Bodi hizi huwasha na kuzima mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, lakini nyingi zikipewa mzigo mdogo huanza kuruka mapigo, kasi ikashuka hadi makumi ya kilohezi au chini yake. Palepale kwenye masafa ambayo mashine inasikiliza!

Basi nikaing'oa. Seli tatu mfululizo zikijaa ni volti 12.6. Betri 8 mpya za alkali hukaribia 12.8, zile za NiMH ni 9.6, kwa hiyo mashine imeshazoea kiwango hicho. Sasa kuna BMS (bodi ya kulinda seli zisijae wala kuisha kupita kiasi) na fyuzi ya ampea 1 jirani na chanya, basi. Nimetumia seli 6 za mAh 3000 kila moja, jozi tatu mfululizo: karibu wati-saa 66, wakati NiMH za mAh 2000 zilikuwa zinanipa 19. Alama ya betri kwenye skrini inadanganya, ila sijali.

Viungo ni ukanda wa nikeli uliolehemiwa kwa nukta. Wanaosolda juu ya seli moja kwa moja waendelee, mimi simo. Joto lile linaiua seli taratibu. Na gundi ya moto sitaki kuiona, ikipigwa jua inalegea.

Voltimita na kisanduku cha kubebea betri kiunoni vilikuwa kwenye ratiba. Kisanduku nilikivaa, pua ya mashine ikawa nzito mno, kumbe betri nyuma ya kiwiko ndizo zilizokuwa zikiipa mizani. Nimezirudisha huko, gramu 280 hivi za seli, na mkono umepumzika. Sasa ile koili ya inchi 15 niliyoitelekeza kabatini kwa uzito wake inaniita. Voltimita isubiri, natafuta boliti ya plastiki ya kuifungia.