Mwembe wa bibi na safari ya Mtwara

Mjomba alinipigia simu Ijumaa usiku. "Njoo, mwembe wa bibi yako wanaukata." Nusu ya kiwanja cha Mtwara alikuwa amekiuza mwenyewe, na mwembe ukaangukia upande wa mnunuzi. Hoja yake: ameuza ardhi, mti hakuuza.

Alfajiri nikapanda Coaster stendi ya Lindi, dirishani. Ukitoka mjini unapita karibu na mdomo wa mto Lukuledi, mikoko imejipanga kwenye tope. Utotoni tulikuwa tunalamba majani ya mchu, maana mti ule hujitoa chumvi kupitia jani, ukiulamba unakolea kama mchuzi uliozidi. Mikoko haina mwenyewe mtaani. Tangu zama za Wajerumani ni msitu wa serikali. Lakini msitu wa serikali unalindwa na nani saa nane za usiku, mtu akihitaji boriti? Na palipochimbwa mashamba ya chumvi pamebaki peupe.

Mnazi Mmoja tulisimama kununua korosho. Mnazi wenyewe sikuuona.

Kuanzia hapo ni mikorosho na mikorosho. Mzee niliyekaa naye alikuwa na shamba huko ndani, nikamuuliza kwa nini watu hawampi mgeni ruhusa ya kupanda mti. Akacheka. "Mgeni mpe alime muhogo, choroko, mtama. Akivuna, kaondoka. Akipanda mkorosho, wewe ndiye utakayeondoka." Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na hati ya mjini inatolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Mzee hayo hayamsumbui. Anachojua ni kwamba barabara ikipita, mthamini anahesabu na miti kwenye fidia.

Mikindani nilishuka kunyoosha miguu. Livingstone alipita hapa mwaka 1866, na boma la Wajerumani bado lipo mlimani, lakini mimi nilitazama mibuyu. Mbao haitoi, kuni haifai, na wazee wanasema ina wenyewe wasioonekana. Hati gani ingeulinda mti vizuri kuliko hiyo?

Mtwara mjini ndiko mambo yanapoonekana waziwazi. Mji huu ulipimwa miaka ya 1940, wakati wa ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwa wingi, ukitarajiwa kuwa bandari kubwa ya kuzisafirisha. Barabara zikachorwa pana, viwanja vikubwa. Shangani bado kuna nafasi: mivinje iliyopindishwa na upepo wa bahari, mikungu, miembe ya nyumba za serikali ambayo hakuna mpangaji aliyeipanda wala anayethubutu kuikata. Ukiingia mitaa ya vyumba vya kupanga, kivuli kinakwisha. Unakuta mipapai, mlonge wa mboga, mwarobaini mmoja uliojiotea kwenye kona ya choo.

Nilimuuliza dada mmoja aliyekuwa anafua uani kwa nini asipande mwembe.

"Kaka, mwembe nitaula lini? Papai mwaka haujaisha nakula. Halafu mwenye nyumba akiona mwembe, atasema nataka kujimilikisha."

Tena chini ni jiwe la matumbawe. Mzizi unapita juujuu, na ukikaribia ukuta unaupasua. Hapo mwenye nyumba ana haki ya kuogopa.

Nilipofika, fundi alikuwa ameshavuta kamba ya msingi, na msumeno umeegemea shina. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameketi kivulini mwa ule ule mwembe, akiwasikiliza. Mnunuzi, kijana mpole, alisema hana ugomvi na mti. Fedha yake imenunua mita, na mti umekaa ndani ya mita zake. Mjomba akajibu kwamba bibi aliupanda siku alipozaliwa mama yangu. Kwa karatasi, sijui kama tungeshinda. Mwenyekiti akauliza ukuta unahitaji kunyooka kwa nini.

Fundi akavuta kamba upya. Ukuta utapinda hatua mbili kuuzunguka mti, na embe zitakazodondoka kwa kijana ni za kijana. Mjomba alikubali shingo upande.

Nilirudi Lindi na embe 12 kwenye kiroba. Tano ziliokotwa upande wa pili, na kijana alizihesabu.