Kijiji cha pwani katika mwezi wa Machi

Picha iliyotundikwa sebuleni kwetu hapa Entebbe niliinunua kwa muuza mitumba katika soko la Owino, Kampala. Jina la mchoraji halisomeki, ila nyuma yake kuna mtu aliyeandika kwa penseli jina la Normandy, eneo la pwani kaskazini mwa Ufaransa, na mwezi wa Machi. Inaonyesha kijiji cha wavuvi chini ya jabali jeupe la chaki: nyumba chache, mnara wa kanisa, mashua tatu zilizolala ubavu juu ya kokoto, na bahari ya kijivu ambayo kwa mbali haitofautiani sana na mbingu.

Sisi wa Ikweta hatuna majira ya kuchipua. Mwaka wetu tunauhesabu kwa mvua na ukame, na Machi ni mwezi wa kuanza masika, ardhi inapogeuka kijani mbele ya macho yetu. Katika picha hii kijani ni haba mno. Miti ya kando ya kanisa ingali mitupu, kwa kuwa mitofaa ya Normandy huchanua Aprili na Mei. Chenye uhai ni vichaka vya miiba juu ya jabali, vilivyotiwa vidoa vichache vya manjano. Napenda uvumilivu huo wa mchoraji, ambaye hakutaka kuharakisha yale ambayo msimu wenyewe ulikuwa bado haujayaleta.

Kinachoutambulisha mwezi zaidi ya mimea ni vivuli. Ifikapo tarehe 20 au 21 Machi, jua la saa saba mchana hapa Entebbe huwa utosini, na mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Siku hiyo hiyo katika pwani ya Normandy, iliyo karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa Ikweta, jua la adhuhuri hufika nyuzi 40 hivi tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo kijiti cha mita 1 hutupa kivuli cha takriban mita 1.2 hata jua linapokuwa juu kabisa. Katika picha, kivuli cha mnara kinavuka njia na kupanda ukuta wa nyumba ya pili. Ukisogea karibu utaona kwamba kivuli hicho si cheusi, bali ni zambarau hafifu iliyopakwa kwa brashi kavu juu ya kijivu, na kijivu chenyewe kinachungulia kati ya nywele za brashi.

Jirani yetu, mzee aliyevua samaki miaka mingi katika mwalo wa Kasenyi kando ya Ziwa Victoria, aliitazama kwa makini kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwalo gani huu usio na watu?" Swali lake lilikuwa la haki, maana Kasenyi hakukosi wachuuzi, wapakuaji na wanawake wanaoanika dagaa. Nilimweleza kwamba katika pwani ile bahari hupwa na kujaa kwa mita kadhaa, na wakati wa bamvua tofauti huweza kupita mita 8, ilhali maji ya ziwa letu hayapwi kiasi cha kumzuia mtu kushusha mtumbwi. Nikamwonyesha kamba ya mashua ya kwanza, ndefu na iliyolegea, iliyoachwa hivyo ili mashua ipate nafasi ya kuinuka maji yatakaporudi. Wavuvi wapo, wanasubiri bahari.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alifanya kazi katika pwani hiyo hiyo, huko Pourville karibu na Dieppe, kuanzia Februari hadi Aprili 1882, akiwa na turubai kadhaa alizozibadilisha kadiri hali ya hewa ilivyogeuka. Kwetu jua huchomoza likipanda wima, na mwanga laini wa alfajiri huisha upesi kuliko kule. Kwa sababu hiyo, ninapochora Kasenyi huchanganya rangi za maji na mbingu nyumbani usiku, nikaziweka tayari, na kijani, ambacho hapa kinajitokeza hata kisipoitwa, hukizimua kwa nyekundu kidogo na kukipaka mwisho kabisa.