Kitambua chuma kilichokuwa kinalia ovyo ufukweni: jinsi nilivyotatua

Hatimaye mashine imetulia! Tatizo lilikuwa hili: kwenye mchanga mkavu wa Coco Beach ilifanya kazi vizuri, lakini nikishuka kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi inalia mfululizo, hata pasipo na kitu.

Nilijaribu mashine za kampuni tatu, mbili nikiwa nimeziazima. Nilibadilisha betri, nikazima simu. Wapi! Mbili zilikuwa za masafa mamoja, yaani hutuma mawimbi ya mtetemo wa kasi moja tu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo husomeka kama chuma.

Ya tatu, ya masafa mengi, ilipunguza kelele ila haikuziondoa. Kumbe nilikuwa naisawazisha na ardhi (yaani kuirekebisha ipuuze ardhi yenyewe) kule juu, pakavu, kisha nashuka nayo. Sasa nachagua kwanza hali ya ufukweni kwenye mipangilio ya mashine, nasimama palepale palipolowa, napandisha na kushusha koili (lile duara la chini linalohisi chuma) hadi sauti itulie, halafu napunguza usikivu kidogo.

Bado ilikwaruza kila nikigeuza mkono. Nikaona waya wa koili umelegea, unacheza karibu na koili yenyewe. Nikauzungushia kwenye fimbo ya mashine, nikaubana kwa kamba ya Velcro. Kimya. Jioni hiyo nikapata sarafu nne na pete ya shaba.