Ukoko mweupe kwenye birika la umeme

Ule ukoko mweupe chini ya birika ni chokaa inayoachwa na maji magumu, yaani yenye madini mengi, na ndio unaolifanya lichelewe kuchemsha. Usiukwangue kwa kisu, utachubua chuma. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, hadi ukoko ufunikwe. Usipite nusu ya birika, maana povu hufurika. Chemsha, zima, acha dakika 30. Vipovu vidogo vikipanda, asidi ya siki inaila chokaa. Mwaga, suuza, kisha chemsha maji matupu mara mbili uyamwage, la sivyo chai itanuka siki. Wengine huongeza magadi wakidhani wanaipa siki nguvu. Kumbe viwili hivyo huuana nguvu. Na siki isikutane kamwe na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu.