Nyumba ya dada inayofuata mpunga

Dada yangu mkubwa ni mama ntilie anayefuata kombaini, zile mashine za kuvuna mpunga. Mpunga ukianza kuiva kwenye bonde la Usangu huku Mbeya, mwezi wa tano hivi, yeye na shemeji wanapakia sufuria, magodoro na turubai kwenye Canter yao wanashuka Ubaruku, shemeji anabeba magunia kutoka shambani kwenda mashineni na dada anapikia madereva wa kombaini, wachukuzi na vibarua wa kupepeta. Wanalala chini ya turubai hilohilo mpaka mpunga uishe, alafu kama kuna hela ya mafuta wanapanda Isyonje kwenye viazi, na huko mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa jamani.

Mi ni fundi sola hapa Mwanjelwa. Nimekuwa nikiwafuata huko kila msimu kufunga taa na sehemu ya kuchajia simu, na kila nikirudi roho inaniuma, kwasababu hawa watu ndo wanaotulisha wali mji mzima na hawana hata mlango wa kufunga usiku. Kwahiyo mwaka huu nimemwambia dada, nakutengenezea nyumba. Sio ya tofali, anayo tayari Uyole na inakaa imefungwa nusu mwaka. Nyumba ya kuhama nayo, yenye umeme wake, maji yake na choo chake.

Wiki hizi nimekuwa nasoma sana usiku kuhusu nyumba za namna hii. Kuna moja ya Slovakia inaitwa Ecocapsule, waliitoa hadharani mwaka 2015, ina umbo la yai, juu ina sola na pangaboi la kuzalisha umeme wa upepo la wati 750, betri ya karibu kilowati-saa 10, inakinga mvua na kuchuja maji yenyewe, inalaza watu wawili. Ni kitu kizuri na nimejifunza mengi pale, hasa jinsi walivyobana kila kitu kikae mahali kidogo. Ila bei iliyotajwa ilikuwa karibu euro 80,000 na imefikiriwa kwa mtu anayekwenda kupumzika. Dada anakwenda kazini.

Kilichonigusa zaidi ni Wamongolia. Wale wafugaji wanaishi kwenye mahema ya duara, fremu ya mbao imezungushiwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa ikawa nene kama blanketi la jeshi, wanalibomoa na kulisimamisha ndani ya masaa machache, na ufundi wake UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2013. Sasa sikia hii, mwaka 2000 serikali yao ilianza mpango wa kupeleka sola kwenye kaya 100,000 za wafugaji wanaohama, paneli ndogo tu za kubebeka, taa, redio, simu, tivii, na kufikia 2012 lengo lilikuwa limetimia. Mtu habadilishi maisha yake ili apate umeme, umeme ndo unamfuata alipo. Nilisoma ile habari nikainuka kitandani nikaanza kuchora.

Wazo la kwanza lilikuwa kugeuza Canter yenyewe iwe nyumba. Shemeji alikataa palepale na yuko sahihi kabisa, gari likiwa nyumba magunia yatabebwa na nini? Kwahiyo tumekubaliana kasha. Linasimama kwa miguu yake minne yenye jeki za kuzungusha kwa mkono, Canter inarudi kinyumenyume inaingia chini yake, unashusha jeki, kasha linakaa kwenye bodi, unafunga minyororo, safari. Mkifika Ubaruku unainua tena, gari linatoka linakwenda kutafuta hela na nyumba inabaki imesimama na sufuria liko jikoni. Ni kama mfugaji anavyofanya, ng'ombe wanakwenda malishoni boma linabaki.

Fremu ni skwea paipu, yaani bomba za chuma za mraba, kuta marini bodi za Mafinga, zile mbao za tabaka zilizogundishwa, paa bati. Urefu mita 4 upana mita 2, yaani mita za mraba 8, ndo nyumba nzima hiyo. Kilichonisumbua ni bati. Wanaolala kwenye makontena wanajua, asubuhi ya baridi ukiangalia juu unaona matone yamepangana, bati linatoa jasho, na sio mvua, ni pumzi zenu wenyewe za usiku zimekutana na chuma baridi. Yakidondoka kwenye godoro wiki mbili tu ukungu umeshaingia na mtoto ameanza kukohoa. Kwahiyo kati ya bati na silingi bodi naweka sponji nene na karatasi ya kung'aa, na naacha tundu mbili za hewa zenye wavu, moja chini karibu na mlango na moja juu upande wa pili, zisizozibwa hata kama ni baridi ya Isyonje. Dada ameshaniambia ataziba na matambara. Nimemwomba sana asizibe, hasa akiwa na jiko ndani, hewa ya sumu ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu usingizini, na mkaa nimemwambia ubaki nje kabisa.

Umeme ndo sehemu rahisi na sitakaa sana hapo. Paneli mbili za wati 200, Usangu kiangazi jua ni kali, ukihesabu masaa matano mazuri ni wati-saa 2,000 kwa siku na ukitoa zinazopotea njiani unabaki na kama 1,500. Friji ndogo ya kompresa inakula kama 500, taa kidogo, pampu kidogo, zinazobaki ni za simu za wateja ambazo nazo ni biashara. Betri nachukua ya lithiamu, volti 12 ampia-saa 200. Ghali, ndiyo, lakini ile ya maji ya ukubwa huo ina uzito zaidi ya mara mbili, na ukiizoesha kuishusha chini ya nusu unaiua mapema. Kupikia hapana, umeme huo hautoshi kupikia watu thelathini, tunabaki na gesi na mtungi wa kilo 15 unakaa nje kwenye kikapu cha chuma.

Maji sasa. Hapa ndo kichwa kinauma na hapa ndo naona video nyingi za mtandaoni zinapita haraka haraka.

Kila mtu anasema kinga mvua. Hesabu ni nyepesi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwahiyo mvua nzuri ya milimita 20 kwenye paa langu la mita 8 ni lita 160. Tukuyu ambako mvua inavuka milimita 2,000 kwa mwaka ungeishi kwa paa tu. Lakini dada yuko Usangu kuanzia mwezi wa tano, na huko kuanzia mwezi huo mpaka wa kumi mbingu zimefungwa! Paa litampa maji kipindi asichoyahitaji. Na maji ya mfereji yanayopita mita chache kutoka kambini sio ya kunywa hata kidogo, yametoka majarubani na dawa za magugu, watu wanaoga humo, kichocho kipo, na filta ya mchanga inatoa tope ila dawa haitoi.

Kwahiyo ukweli ni kwamba maji atayabeba. Tenki la lita 400 ni kilo 400, na hizo kilo lazima zipande na kushuka ile milima ya Inyala. Tenki moja kubwa likiwa nusu maji yanacheza, kona ikija yanahamia upande mmoja na gari linayafuata, na barabara ile sote tunajua imechukua watu wangapi. Naweka matenki mawili ya lita 200 chini kabisa sakafuni, kushoto na kulia, na safarini moja linajaa na kufungwa kabla ya kugusa la pili. Ukijumlisha fremu, vyombo, gesi na maji unakaribia tani moja na nusu, Canter ya tani 3 inamudu, na mizani tutapita bila presha.

Maji machafu yaliyotoka kuosha sahani yanapita kwenye ndoo mbili zenye kokoto, mchanga na mkaa kabla ya kumwagwa, na yanamwagwa mbali na mfereji. Watu wananiuliza kwanini nahangaika na maji ya sahani. Jamani, maji ya Usangu ndo yanayokwenda Ruaha Mkuu, ndo yanayofika Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme, na huu mto tangu miaka ya tisini unakatika kiangazi kule hifadhi ya Ruaha mpaka viboko wanabaki kwenye madimbwi. Wafugaji walihamishwa kwenye ardhi oevu ya Ihefu mwaka 2006 na 2007 kwa jina la kuyaokoa haya maji. Sisi tunaopiga kambi pale kila msimu kwa maelfu hatuwezi kujifanya hatuhusiki.

Na choo. Kambi za mavuno nyingi hazina choo, sitazunguka, watu wanakwenda kichakani au kwenye tuta la mfereji usiku, na kwa mwanamke ni hatari mara mbili. Choo cha kwenye kasha kitakuwa cha kutenganisha, mkojo unakwenda kwenye dumu na kinyesi kwenye ndoo, na kila ukitumia unamwaga kopo la pumba za mpunga zilizochanganywa na majivu. Pumba Ubaruku zimejaa, kwenye mashine wanazirundika kama vilima na wengine wanachomea matofali. Kikiwa kikavu hakinuki, na ndoo ikijaa inafunikwa na kuwekwa kando mwaka mzima kabla ya kwenda kwenye udongo. Mkojo ukichanganywa na maji mengi ni mbolea ya bure. Dada alikunja uso, akasema chakula na choo kwenye kasha moja hapana. Tumejadiliana wee mpaka tukafika kwenye mlango wa nje, choo kinafunguliwa kutokea nyuma na ukuta kati yake na jikoni umezibwa kabisa, na sehemu ya kunawa iko nje palepale mlangoni. Hapo akakubali.

Kuna jambo lingine halimo kwenye michoro ya mtu yeyote. Nyumba inahama ila ardhi ina wenyewe. Ardhi ya kijiji iko mikononi mwa kijiji, sheria ya mwaka 1999 inasema hivyo, na huwezi kuegesha tu ukaanza kuishi. Dada anajua hili kuliko mimi, kila akifika anaanza kwa mwenyekiti, anamsalimia kamwene, anataja walipotoka na watakaa mpaka lini, anauliza kisima kiko wapi na zamu za kuchota zikoje. Mwenye shamba anampa kivuli cha mwembe na yeye anamrudishia kwa wali wa mchana. Paneli zote za dunia hii hazimpi mtu kivuli cha mwembe wa watu.

Mama alipoona mchoro aliuliza swali moja tu, wajukuu watalala wapi. Likizo ya mwezi wa sita inaangukia katikati ya mavuno na watoto huwa wanabaki kwa majirani Uyole, na mwaka jana mdogo aliugua dada akiwa Ubaruku, akapanda basi usiku. Kwahiyo nimeondoa kabati la pembeni nimeweka kitanda cha kukunja cha sentimita 170, juu ya matenki, vichwa viwili. Friji imesogea karibu na mlango, na shemeji kesho anakwenda Mafinga kwenye marini bodi.